Sekentei: neno ambalo halitafsiriki bila walimwengu

Nafundisha Kijapani, na kila mwaka kuna neno moja wanafunzi wangu wanalitafsiri "heshima" halafu sentensi nzima inaharibika. Neno lenyewe ni sekentei (世間体).

Tulichambue. Tei ni muonekano, kitu kinavyoonekana kwa nje, na kanji yake (alama ya maandishi yenye asili ya Kichina) ni ileile ya mwili mliyozoea kuisoma karada au tai, ndo maana wengi wanasema sekentai, hapana, hapa ni tei. Utamu uko kwenye seken. Ni neno la Kibudha, mwanzo lilikuwa dunia hii tunayoishi, baadae likawa watu wenyewe, wale wanaotuona na kutusema. Na sisi si ndo tumefanya hivyohivyo? Ulimwengu ukatupa walimwengu, haohao wa kwenye taarabu na kwenye kanga! Kwa hiyo mi nafundisha hivi: sekentei ni vile unavyoonekana mbele ya walimwengu.

Chukua mfano. Kijana kaacha kazi karudi kwao, Jumanne saa nne asubuhi anataka kutoka na kaptula aende dukani, mama yake anamwambia: Sekentei ga warui kara yamete. Yani "acha mwanangu, walimwengu watatuonaje". Warui ni -baya, lakini mama hajasema mwanae kakosea, wala hajasema kama yeye mwenyewe kachukia, kibaya hapo ni jicho la jirani tu, na aibu ikija inaingia nyumba nzima.

Msilichanganye na mie (見栄). Mie o haru ni kujikweza, unakopa ili uonekane unazo. Sekentei haitaki kupanda popote, inataka usisemwe basi.

Halafu seken sio kila mtu. Ni majirani, wafanyakazi wenzako, ndugu wa mbali, wazazi wa watoto wanaosoma na wako. Wa nyumbani kwako hawamo, na mtu baki usiyemjua kabisa naye hamo, ndo maana Wajapani wana methali inasema tabi no haji wa kakisute, aibu ya safarini unaiacha hukohuko, maana huko ulikoenda hakuna anayekujua wala atakayekurudisha kwenye midomo ya mtaani kwenu, na yuleyule mama aliyekataza kaptula akiwa safarini mji wa mbali unaweza ukamkuta anaimba kwa sauti barabarani na wala hana wasiwasi.