Milinganyo ya Word Kwenda LaTeX: Fungua Faili Kwanza

Mwalimu mmoja wa hisabati wa hapa Kigoma aliniletea kwenye flashi maelezo yake ya kidato cha tano na cha sita, aliyoyachapa kwa Word miaka na miaka, akitaka niyapange kwa LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa kwa amri zilizoandikwa, yawe kitabu. Alidhani ni kazi ya kubofya mara moja, na kwa sura za mwisho ilikuwa hivyo kweli. Sura za mwanzo zilinichukua siku tatu.

Tofauti haikutokana na ugumu wa hisabati, bali na namna kila mlinganyo ulivyohifadhiwa. Faili la docx ni furushi la zipu: nakili faili, badilisha kiishio cha jina kiwe zip, lifungue, nawe utakuta folda iitwayo word yenye document.xml. Milinganyo iliyoandikwa kwa kihariri kilichokuja na Word 2007 imo humo kama maandishi, katika OMML, muundo wa Microsoft wa kuandika hisabati, ambamo kiasi na asili (namba ya juu na ya chini) ya kila sehemu vimetajwa waziwazi. Pandoc, programu huria ya kugeuza nyaraka kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, iliyoanzishwa na John MacFarlane, huusoma muundo huo bila shida:

pandoc maelezo.docx --extract-media=. -o maelezo.tex

Sasa tazama kama pana folda ya embeddings yenye mafaili kama oleObject1.bin. Hiyo ni dalili ya Equation Editor 3.0 au MathType, vihariri vingine vya milinganyo, ambavyo huhifadhi mlinganyo kama kitu kilichopachikwa, pamoja na picha yake, mara nyingi ya WMF, muundo wa picha wa Windows. Pandoc huiona picha tu, na pdfLaTeX, programu inayotoa PDF kutoka faili la LaTeX, haipokei WMF, kwa hiyo kazi hukwama hapo. Microsoft iliiondoa Equation Editor 3.0 Januari 2018 kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama, ndiyo maana mwalimu alikuwa hawezi tena hata kusahihisha milinganyo yake mwenyewe.

Nilitumia MathType, ambayo huweza kuigeuza milinganyo hiyo yote kwa pamoja kuwa msimbo wa TeX, lugha ambayo LaTeX imejengwa juu yake, ndani ya Word. Lakini kuna mtego ulionila jioni nzima: ukilipitisha faili hilo kwenye Pandoc, alama za dola zinazozunguka hisabati na mikwaju ya nyuma (\) inayotangulia amri hutendewa kama maandishi ya kawaida, na kila mkwaju hutoka umeandikwa \textbackslash. Ilinibidi niandike skripti fupi ya kuzirudisha, nikaijaribu kwenye ukurasa mmoja kabla ya kuigusa sura nzima.

Namba za milinganyo zilizosogezwa kulia kwa jedwali lisilo na mistari nilizifuta zote, nikaweka mazingira ya equation, ambayo huweka namba yenyewe, na \label ya kuurejelea mlinganyo.

Kundi linalonitisha zaidi ni la milinganyo iliyochapwa kwa mkono kama maneno, kwa kuwa haitoi kosa lolote. Mwalimu alikuwa ameandika 3 x 5 kwa herufi ya x badala ya alama ya kuzidisha. Nilipoiweka kati ya dola, LaTeX, ambayo katika hali ya hisabati hupuuza nafasi, ilichapa 3x5, kana kwamba kuna kisichojulikana. Kubadilisha x zote kwa mkupuo haiwezekani, maana katika ukurasa huohuo x nyingine ni kisichojulikana kweli. Tulizipitia moja baada ya nyingine, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikiandika \times.