Eksirei safi si ushahidi kwamba mifupa iko salama

Wengi huamini kwamba eksirei isipoonyesha kitu, mfupa hauna tatizo. Kwa mwenye mieloma, saratani adimu ya seli za plazma (aina ya seli za kinga) kwenye uboho, imani hiyo huchelewesha matibabu.

Seli hizo huchochea mfupa uliwe na kuzuia mpya usijengwe. Eksirei hainasi tundu mpaka asilimia 30 hadi 50 ya madini ya sehemu hiyo yawe yamepotea. Kwenye nyonga na mgongo wa chini ni vigumu zaidi, kwa sababu gesi ya tumboni huficha picha.

Kipimo cha kuanzia siku hizi ni CT, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka inayounganishwa na kompyuta, ya mwili mzima yenye mionzi kidogo. Haihitaji dawa ya kung'arisha mishipani, nafuu kubwa kwa figo ambazo mieloma huzishambulia. Kwa vigezo vya kimataifa vya 2014, ugonjwa ukishathibitishwa kwenye uboho, tundu moja la milimita 5 au zaidi linatosha kuhesabiwa athari ya mfupa. CT ikiwa safi, MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huuangalia uboho wenyewe, kabla mfupa haujatoboka. Hapo hutakiwa madoa zaidi ya moja ya ukubwa huo.

Baada ya tiba, PET, skani inayofuatilia seli zinazotumia sukari nyingi, ndiyo huonyesha kama doa bado lina uhai. Tundu lenyewe laweza kubaki miaka hata ugonjwa ukitulia.

Na skani ya mifupa ya teknishiamu (dutu yenye mionzi inayodungwa mwilini), inayosaidia sana kwenye saratani ya tezi dume? Hapa hupotosha: hung'aa panapojengwa mfupa, na mieloma haijengi.