Safari ya ugenini Blundell Park: yanayosemwa na yaliyopo

Kila Jumamosi jioni mdogo wangu aliyeko Tanga hunipigia simu, na neno lake la kwanza halibadiliki: "Kaka shikamoo. Leo tena umekwenda kuwatazama hao wa mchangani?" Yeye ni mtu wa kibanda umiza, kule watu wanakolipia kutazama mpira kwenye televisheni, na mpira anaoujua ni Ligi Kuu ya England. Mimi naishi Bradford, kaskazini mwa England, na timu yangu ni Bradford City, wale wa jezi za damu ya mzee na manjano. Nimeifuata ugenini miaka kadhaa sasa, kwenye viwanja ambavyo yeye hajawahi kuviona hata kwenye picha.

Maswali yake ndiyo maswali ya ndugu na marafiki zangu wengi. Nimeyakusanya hapa, na ninayajibu kwa safari moja ya Desemba ya kwenda Blundell Park, uwanja wa Grimsby Town, wakati sisi na wao tulikuwa wote League Two.

Dhana: chini ya Ligi Kuu ni ndondo

Hili ndilo kubwa, kwamba huko chini ni mpira wa mtaani tu, kwa hiyo nianze nalo. Ligi Kuu ina klabu 20. Chini yake kuna Championship, League One na League Two, kila moja na klabu 24. Jumla ni 92, na zote ni klabu za kulipwa: mchezaji anaamka asubuhi anakwenda mazoezini kama wewe unavyokwenda kazini. Hata daraja la tano, National League, klabu nyingi zinaishi hivyo hivyo.

Tena milango haijafungwa. Luton Town walikuwa daraja la tano hadi 2014. Mwaka 2023 wakapanda Ligi Kuu. Bournemouth walianza msimu wa 2008/09 wakiwa League Two na pointi 17 pungufu baada ya kuadhibiwa, na mwaka 2015 walikuwa Ligi Kuu.

Mdogo wangu alinyamaza usiku wa tarehe 27 Agosti 2025. Grimsby ya League Two iliipokea Manchester United katika Kombe la Ligi, ikaongoza 2-0, ikasawazishiwa dakika za mwisho, kisha ikashinda kwa penalti 12-11. Na kati ya waliopiga penalti za Grimsby siku hiyo alikuwamo Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya, Kenya, aliyekuwa kwa mkopo kutoka hapa kwetu Bradford City. Yake iliokolewa na Onana, kipa wa United, lakini wenzake walimbeba. Baadaye ikaonekana usajili wake haukufika kabla ya saa sita mchana, muda wa mwisho uliowekwa, klabu ikatozwa faini, matokeo yakabaki. Wengine wetu pia wamepita madaraja haya. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, alicheza Mansfield Town na hapo hapo Grimsby. Haji Mnoga wa Taifa Stars alisajiliwa na Salford City ya League Two mwaka 2024. Ukisema hii ni ndondo, unawasema na vijana wetu.

Dhana: viwanja ni vitupu

Tarehe 26 Desemba 2018 Sunderland waliikaribisha Bradford City kwenye mechi ya League One. Waliohudhuria walikuwa 46,039. Daraja la tatu hilo. Klabu ndogo huingiza elfu tatu, elfu tano, lakini elfu tatu katika mji wa watu elfu arobaini si kitu kidogo.

Kuna rekodi moja ambayo huwa naitoa mfukoni wakati wa ubishi. Umati mkubwa kuliko wote uliowahi kuingia Old Trafford, uwanja wa Manchester United, ni watu 76,962, mwaka 1939. United hawakucheza siku hiyo. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Wolverhampton Wanderers na Grimsby Town.

Dhana: Grimsby wanacheza Grimsby

Nami niliamini hivyo, na ningeshuka stesheni ya Grimsby Town kama abiria mwenzangu asingenizuia. Blundell Park uko Cleethorpes, mji jirani uliopakana na Grimsby. Wamekuwa hapo tangu mwisho wa karne ya 19, na wenyewe husema kwa kutania kwamba wao hucheza ugenini kila wiki. Kutoka Bradford unakwenda Leeds, unabadili treni Doncaster, unapita Scunthorpe, na ukikaribia Grimsby unauona mnara mrefu wa bandarini uliojengwa 1852. Usishuke. Endelea mpaka reli inapoishia, Cleethorpes, ambapo ukitoka stesheni mchanga wa ufukweni uko hatua chache tu kutoka miguuni mwako. Kisha unarudi nyuma kwa miguu kama dakika ishirini.

Mimi ni mtu wa pwani, nilidhani bahari ni bahari. Upepo unaotoka kwenye mlango wa mto Humber mwezi wa Desemba hauna undugu na upepo wa Raskazone, kwetu Tanga. Unapita kwenye zipu ya koti, unapita kwenye matundu ya kamba za viatu. Vaa soksi mbili.

Mji huu ulikula kwa samaki. Grimsby iliwahi kuwa bandari kubwa ya uvuvi kuliko zote duniani, mpaka mvutano wa Uingereza na Iceland kuhusu maji ya uvuvi ulipomalizika mwaka 1976 kwa Waingereza kufungiwa nje. Leo viwanda vya kusindika bado vipo, ila sehemu kubwa ya samaki hutoka Iceland na Norway. Mashabiki hawajasahau asili yao. Wapinzani waliwazomea kwamba wanaimba wakiwa wanavua tu. Wao wakauchukua wimbo ukawa wao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanakuja uwanjani na samaki wa plastiki wa kupuliza, aina ya hadoki, wanawapunga juu ya vichwa. Ukiwaona mamia kwa pamoja, utacheka hata kama umefungwa.

Dhana: mgeni atapigwa

Picha za miaka ya 1970 na 1980 zimekaa sana vichwani mwetu. Fujo zilikuwapo, na watu walikufa. Lakini mwenye hatia ya vurugu za mpira leo anaweza kuzuiwa na mahakama asisogelee uwanja kwa miaka, na mashabiki wa ugenini wana jukwaa lao, geti lao na wasimamizi wao wenye vizibao vya kung'aa. Tiketi ya jukwaa hilo huinunua kwa klabu yako. Kosa ambalo wageni hufanya ni kununua kiti cha upande wa wenyeji kwa sababu kilikuwa rahisi kupatikana, halafu wakaingia na skafu ya ugenini. Utatolewa, na msimamizi atakuwa amefuata utaratibu. Ukishuka chini zaidi, daraja la sita na kuendelea, viwanja vingi havina uzio wa kuwatenga watu; mashabiki huhama goli wakati wa mapumziko ili wakae nyuma ya lango wanaloshambulia, wanapishana njiani na kusalimiana.

Sisemi kwamba ubaguzi umekwisha. Niliwahi kutukanwa kwa ajili ya rangi yangu katika uwanja mmoja, na mtu aliyekuwa nyuma yangu, shabiki wa timu yangu mwenyewe, ndiye aliyemwita msimamizi kabla sijageuka. Nyimbo za kibaguzi uwanjani ni kosa la jinai tangu sheria ya 1991, na shirika la Kick It Out, lililoanza 1993, hupokea malalamiko. Yapeleke. Usinyamaze ukidhani hapa ni ugenini.

Ninalolikumbuka zaidi Blundell Park ni jingine kabisa. Katikati ya Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi, na mechi huanza saa tisa. Kwa hiyo sala ya magharibi huingia kwenye dakika zile zile za mapumziko. Nilimfuata msimamizi, mzee wa makamo mwenye sweta chini ya kizibao, nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu, kama nahitaji sehemu kavu. Akanipeleka kwenye kona nyuma ya jukwaa, akasimama pembeni kunikinga na wapita njia, na nilipotoa salamu akaniambia kipindi cha pili kimeanza dakika mbili zilizopita, sijakosa kitu.

Dhana: pombe marufuku, au, pombe ruksa popote

Nimeambiwa yote mawili. Sheria ni ya 1985: katika mechi za madaraja matano ya juu, huwezi kuwa na kinywaji cha pombe mahali unapoona nyasi wakati wa mechi. Kinauzwa chini ya jukwaa, na hunyweka huko huko. Kwenye basi lililokodiwa kupeleka mashabiki, hairuhusiwi kabisa. Daraja la sita kushuka, sheria hiyo haiwabani.

Dhana: chakula ni chipsi, hakina utata

Kwa Mwislamu, na kwa asiyekula nyama, utata upo. Maduka mengi ya samaki na chipsi ya Yorkshire na pwani ya Grimsby hukaangia mafuta ya ng'ombe, na ndiyo fahari yao. Uliza kabla ya kulipa: "Mnakaangia nini?" Hakuna anayekasirika. Uwanjani utakuta pai ya nyama, na Bovril, ambayo watu wetu huidhani chai kwa sababu inafuka kwenye kikombe. Ni dondoo la nyama ya ng'ombe lililokorogwa kwa maji ya moto. Mimi hubeba chapati mbili ndani ya foili, mfuko wa ndani wa koti. Begi liwe dogo au usije nalo.

Dhana: kusimama kumepigwa marufuku England

Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya 1989, yaliyoua watu 97, viti vililazimishwa katika madaraja mawili ya juu. Chini ya hapo klabu kama Accrington Stanley na Exeter City bado zina majukwaa ya kusimama. Blundell Park ni viti pande zote.

Na hapo kwenye viti niseme jambo la kwangu. Jukwaa kuu la Blundell Park lina sehemu za tangu 1901, miongoni mwa majukwaa makongwe kabisa yanayotumika nchini. Watu hupenda kuyaita magofu, wanapiga picha wanacheka. Jukwaa la wageni lina nguzo za chuma; nilikaa nyuma ya moja, na kila kona iliyopigwa upande wa kushoto ilinibidi niinamie bega la jirani. Lakini shabiki wa Bradford City hatazami jukwaa la kale kama watu wengine. Tarehe 11 Mei 1985, siku ya kusherehekea ubingwa wa daraja la tatu, jukwaa letu la mbao pale Valley Parade lilishika moto wakati wa mechi na Lincoln City. Takataka zilikuwa zimelundikana miaka mingi chini ya mbao. Walikufa watu 56, 54 wetu na wawili wa Lincoln. Sheria iliyofuata, ya 1987, ilibadilisha namna majukwaa nchi nzima yanavyokaguliwa, na yale ya zamani yaliyobaki yamebaki kwa sababu yanakaguliwa. Jirani yangu wa siku hiyo alikuwapo Valley Parade akiwa mtoto. Alipokaa tu, kabla ya kuangalia wachezaji wakipasha misuli, alitafuta kwa macho milango ya kutokea, mmoja, wa pili. Alinionesha na mimi. Sasa nafanya hivyo kila uwanja.

Dhana: Waingereza wanaona kila mechi kwenye televisheni

Mdogo wangu haamini mpaka leo. Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, kwa kawaida hakuna mechi ya mpira inayooneshwa moja kwa moja kwenye televisheni ndani ya Uingereza. Utaratibu huu ni wa tangu miaka ya 1960, na aliyeusukuma alikuwa Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akiweza kuiona timu kubwa sebuleni, hatakwenda tena kulipia geti la timu ndogo ya mjini kwake. Sisi wa Coastal Union ya Tanga, tuliochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988 na tangu hapo kila mtu mtaani ni Simba au Yanga, hoja hiyo tunaielewa bila kufafanuliwa. Ningetamani Mkwakwani, uwanja wetu, nako kungepewa saa mbili na nusu za namna hiyo.

Maana yake ni kwamba saa tisa ya Cleethorpes, saa kumi na mbili jioni ya Tanga, mtu wa kibanda umiza anaona mechi ya Ligi Kuu ambayo Mwingereza anaweza kuifuata redioni tu. Tuliporudi stesheni giza lilikuwa limeshika, treni imejaa skafu zetu, vioo vimefunga mvuke. Simu ikaita. Dogo alikuwa na habari za bao alilotoka kuliona, anasimulia kwa kasi, kuna kelele za watu nyuma yake. Babu mmoja aliyekaa mbele yangu alisikia jina la mchezaji katikati ya Kiswahili, akaniuliza amefunga vipi. Nikamwambia dogo aanze upya, taratibu, na nikawa namtafsiria yule babu neno kwa neno, mpaka stesheni ya Habrough.