Maana ya kupima dondoo ya mmea dhidi ya amonia iliyozidi katika damu

Mtu akila nyama au maharage, sehemu ya nitrojeni iliyomo katika protini hugeuka amonia, hasa kwa kazi ya bakteria wa utumbo mpana. Amonia hiyo huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ambalo huibadili kuwa urea, na figo huitoa urea hiyo kwa mkojo. Hans Krebs na Kurt Henseleit ndio walioueleza mzunguko huu wa kuibadili amonia kuwa urea, mwaka 1932. Ini likichakaa, kwa mfano kwa sirosisi, yaani ini kujaa makovu, amonia hulipita bila kubadilishwa na kufika kwenye ubongo. Hali hiyo ya amonia kuzidi katika damu huitwa haipaamonimia. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, huchanganyikiwa, na akiambiwa anyooshe mikono na kuinua viganja, viganja hivyo hupigapiga kama mbawa za ndege.

Kupima dondoo ya mmea dhidi ya hali hii ni kuuliza swali lenye mipaka: mnyama aliyepandishiwa amonia kwa makusudi, akipewa dondoo, je, amonia yake itakuwa chini kuliko ya mwenzake ambaye hakupewa?

Mfano mzuri umetoka Chuo Kikuu cha Annamalai, Tamil Nadu, India, ambako watafiti walijaribu majani ya rozela, mmea ambao wengi wetu tunaujua kama choya kwa juisi yake nyekundu. Majani hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika alkoholi na kuchujwa, kisha alkoholi huvukizwa hadi ubaki uji mzito, na huo ndio dondoo. Panya wa maabara walidungwa kloridi ya amoniamu, chumvi inayopandisha amonia, miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8. Baadhi yao walinyweshwa pia dondoo, miligramu 250 kwa kilo. Walikuwapo panya wasiopewa chochote, na wengine waliopewa dondoo peke yake, kundi ambalo msomaji asilipuuze, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kama majani yenyewe yanadhuru. Waliopata vyote viwili walikuwa na amonia na urea kidogo kuliko waliodungwa chumvi hiyo tu.

Namba hizo hutegemea mikono ya maabara. Damu iliyokwisha kutolewa huendelea kuzalisha amonia ndani ya kichupa, kwa hiyo kichupa hutumbukizwa kwenye barafu papo hapo na plazma, yaani majimaji ya damu, hutenganishwa haraka; kikisahauliwa mezani, kipimo hupanda ingawa mnyama hana tatizo lolote.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni namna watu wanavyohamisha dozi. Ukizidisha miligramu 250 kwa mtu wa kilo 60 unapata gramu 15, na hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu mwili mdogo hutumia dawa kwa kasi kubwa zaidi. Kanuni inayotumiwa na watafiti wa dawa hugawanya dozi ya panya kwa 6.2 hivi, na hapo tunapata takriban gramu 2.4. Hata hizo ni gramu za dondoo ya majani, wala si glasi ya juisi ya maua iliyotiwa sukari.

Tena, panya wale walikuwa na maini mazima yaliyolemewa na chumvi, na dondoo walipewa sambamba na chumvi hiyo. Kwa hiyo kilichopimwa ni kinga. Tiba ya mtu ambaye ini lake limekwisha kujaa makovu haikuguswa, na mgonjwa wa namna hiyo anayetumia laktulosi, dawa ya kupunguza amonia, aliyoandikiwa na daktari hana sababu ya kuiacha. Jaribio linalokaribia hali yake hutumia wanyama ambao maini yao yameharibiwa kwanza, kwa kufunga mfereji wa nyongo au kwa kemikali ya thioasetamidi. Dondoo hutolewa baada ya hapo, na mbali na amonia hutazamwa kama mnyama bado anaikumbuka njia aliyofundishwa.