Pepopunda haina pepo: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu safari za protini ndani ya neva

Jina la pepopunda lina maneno mawili, na Lamu, ambako punda ndiye gari, yote mawili huwapoteza watu.

Tuanze na pepo. Taya zimekaza, uso umevutika kama wa anayecheka, na kelele ndogo tu inampinda mgonjwa mgongo kama upinde. "Amepandwa," watu husema. La hasha. Bakteria wa ugonjwa huu huishi udongoni na matumboni mwa wanyama, punda wakiwemo (hapo ndipo punda anapoingia), na mbegu zao hudumu miaka kwenye vumbi. Zikizama kwenye kidonda kirefu kisichopata hewa, huamka na kutoa sumu. Sumu hiyo ni protini. Hata ile inayosambaa kwa damu hailipati windo lake mpaka ipite ndani ya neva: huingia kwenye ncha ya neva iliyo msulini, ikajificha ndani ya kifuko, ikapakiwa na mchukuzi, naye pia ni protini, aitwaye daineini. Kazi halali ya daineini ni kurudisha mizigo kutoka nchani hadi kwenye mwili wa seli, wala haimkagui abiria. Sumu ikifika uti wa mgongo huvuka hadi seli jirani zinazotuliza misuli, ikakata protini moja tu, sinaptobrevini, ambayo ndiyo hunasisha vifuko ukutani mwa seli ili vimwage ujumbe wao. Amri ya kulegea haitoki tena. Msuli unabaki kuvuta.

Ndiyo sababu dalili hukawia siku 3 hadi 21, na kidonda cha unyayoni kwa kawaida hukawia kuliko cha shingoni: njia ni ndefu. Virusi vya kichaa cha mbwa hupita njia hiyohiyo, basi aliyeng'atwa usoni ana muda mfupi zaidi.

Na kutu ya msumari, ambayo watu husema ndiyo huleta pepopunda? Kutu haina kosa. Msumari mpya unaong'aa uliokanyagwa zizini ni hatari vilevile. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, toa kila uchafu, kisha hesabu miaka tangu chanjo yako ya mwisho ya pepopunda. Aliyekamilisha angalau dozi tatu hurudia chanjo ikiwa imepita miaka 5 kwa kidonda kichafu, au 10 kwa kidonda safi na kidogo. Asiyekumbuka dozi zake, na kidonda ni kichafu, huhitaji pia sindano ya kingamwili, na aipate mapema: kingamwili hunasa sumu iliyo nje ya neva tu, iliyokwisha kuingia haifikiwi. Wapo pia wanaodhani aliyepona amejikinga. Sumu inayotosha kuua ni ndogo mno kuamsha kinga, kwa hiyo aliyepona naye huchanjwa.

Dhana nyingine ni ya waliosoma kidogo: kwamba protini huenea ndani ya seli kama sukari kwenye chai. Kwenye seli ndogo, sawa. Lakini neva inayotoka kiunoni hadi kidole cha mguu ina urefu wa kama mita moja, na kwa makisio protini inayoelea tu ingehitaji zaidi ya miaka elfu kuimaliza. Lazima ibebwe. Mchukuzi wa kwenda nchani ni kinesini, iliyotambuliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz katika neva ya ngisi, ambayo huweza kufika unene wa milimita moja. Kinesini hukanyaga juu ya mirija iliyojengwa kwa protini iitwayo tubulini, yenye kipenyo cha nanomita 25 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Kila hatua ni nanomita 8 na hula molekuli moja ya ATP, mafuta ya seli. Mita moja ni hatua milioni 125. Hakuna kinesini moja inayofika: huachia baada ya hatua mia hivi, nyingine ikapokea. Mizigo ya haraka huenda milimita 50 hadi 400 kwa siku. Ya polepole, kama tubulini yenyewe, huenda milimita chache tu.

Hapo ndipo tau inapoingia, protini inayotajwa siku hizi kana kwamba ni sumu. Siyo. Tau hushikilia mirija hiyo. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu, hubandikwa fosfeti kupita kiasi, ikabanduka na kujisokota mabonge ndani ya seli, huku protini nyingine, amiloidi, ikirundikana nje, mara nyingi miaka 15 au zaidi kabla ya dalili. Kwa hiyo "ni uzee tu" si jibu. Kusahau miwani ni uzee. Kupotea kati ya Langoni na Mkomani, njia uliyoipita miaka sabini, ni jambo la kupimwa, tena kwa kuanza na tezi ya shingo na vitamini B12, maana hitilafu zake hutibika.

La mwisho ni la jikoni. Mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, huambiwa ameze dawa yake, levodopa, na chakula kizito ili apate nguvu. Protini ya samaki na maharagwe humeng'enywa kuwa asidi amino, nazo hugombania mlango uleule na levodopa, utumboni na tena kwenye mpaka wa damu na ubongo. Dawa humezwa nusu saa kabla ya kula au saa moja baadaye. Ikileta kichefuchefu, imeze na kipande cha mkate mkavu, hakiizuii dawa kupita.