Maradhi ya mripuko Ng'ambo: tuanze na maji

Mgonjwa wa kwanza wa Korona alipothibitishwa Zanzibar Machi 2020, wananchi walihimizwa wabaki majumbani, wanawe mikono na wasikaribiane. Mwenye nyumba ya vyumba vitano na mfereji uani aliweza. Muuza urojo wa Jang'ombe anayelala chumba kimoja na wanawe, na maji ananunua kwa dumu, asipotoka asubuhi jioni hana cha kuinjika. Ndege za watalii nazo zilikatika, na mishahara ya mahotelini ikakatika pamoja nazo.

Mitaa hii ya Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, ina hazina kubwa, nayo ni kujuana. Mzee asipoonekana barazani siku mbili, hodi inapigwa. Sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, anajua nani mgonjwa wa siku nyingi, nani anaishi peke yake, nani amejifungua juzi. Mripuko ukianza, hakuna ofisi inayoweza kukusanya habari hizo kwa siku moja.

Udhaifu uko kwenye maji. Nyumba zimebanana, karo la huyu, yaani shimo la maji machafu ya choo, liko hatua chache na kisima cha yule. Ardhi yetu ya mchanga na mawe ya matumbawe haichuji uchafu vizuri, na masika karo hufurika. Maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu, matamu, na bado yakawa na vimelea vya kipindupindu. Zanzibar imejiwekea mpango wa miaka kumi, ulioanza 2018, wa kukitokomeza kipindupindu ifikapo 2027. Naamini mpango huo ndio kinga yetu hata kwa maradhi mengine, maana mtaa wenye maji ya uhakika hunawa mikono bila kushurutishwa.

Kisima kinatakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye karo. Ng'ambo nafasi hiyo ni adimu, kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, yawekwe kwenye chombo chenye kifuniko. Kamati za shehia zivikague visima kabla ya masika, si baada ya mgonjwa wa kwanza.

Mtu akianza kuharisha maji maji, anyweshwe mara moja: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kuche, na njiani aendelee kunyweshwa.