Si mwarobaini tu, jamani

Juzi tena. Shemeji kapita maabara, kaona chupa ya kahawia mezani, kauliza: "Hii si mwarobaini tu? Nikinywa kijiko kila asubuhi?"

Hapana, shemeji. Naandika hapa ili mwingine akiuliza nimtumie aisome.

Kazi yenyewe, tunayoiita utengenezaji wa "kijani" wa chembe nano za fedha (vipande vya madini ya fedha vidogo mno visivyoonekana kwa macho), haina makuu. Gramu 10 za majani, nachemsha kwenye mililita 100 za maji, nachuja, namimina kidogo kidogo kwenye nitrati ya fedha (chumvi ya fedha) ya milimola 1 kwa lita. Ioni, yaani atomi za fedha zenye chaji, zinapokea elektroni kutoka kwenye jani, chembe nano zinajitokeza, manjano inageuka kahawia, na spektrofotomita (kipimo cha mwanga unaofyonzwa) ikionyesha kilele kati ya nanomita 400 na 450 tunatabasamu. Maji yawe yaliyokenekwa. Ya bomba yana kloridi, utapata wingu jeupe kama tui.

Sasa hilo neno "kijani". Maana yake jani limeshika nafasi ya kemikali kali kama borohaidraidi ya sodiamu. Basi! Fedha ni ileile ya duka la kemikali, iliyonipaka vidole weusi wiki nzima. Piga hesabu: milimola 1 ni miligramu 108 za fedha kwa lita. Kwenye maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linavumilia hadi miligramu 0.1. Ni zaidi ya mara elfu moja! Wanaokunywa fedha kwa muda mrefu ngozi hugeuka kijivu-samawati, na haitakati tena. Mti unasifiwa kwa maradhi arobaini. Hilo silo mojawapo.

Linalonikera zaidi liko kwetu wenyewe, wa makoti meupe. Mwanafunzi anadondosha mchanganyiko kwenye sahani ya aga iliyooteshwa bakteria, anaona duara safi wasipoota, anaandika: "chembe nano zimeua bakteria." Umejuaje? Ioni zilizobaki bila kugeuka chembe zinaua vilevile. Daktari Credé wa Leipzig aliwadondoshea watoto wachanga nitrati ya fedha machoni miaka ya 1880, bila nano yoyote. Kwa hiyo zungusha kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi hadi chembe zizame chini), osha mara tatu, kisha yale maji ya juu yapime peke yake. Sahani moja ya ziada, jamani! Pima na mchuzi wa majani mtupu pia, maana nao ukikaa kwenye joto huwa kahawia wenyewe.

Hata nikishaosha sina raha. Chembe hutoa ioni polepole zikiwa majini, na sijui kazi ya chembe inaishia wapi ya ioni ianze. Wala siwezi kuapa ni kitu gani ndani ya jani kinachotoa elektroni. Tunaandika "flavonoidi na tanini", kemikali za mimea, kwa kuona mkanda wa karibu na 3400 kwenye kipimo cha mwanga wa infraredi, mkanda ambao hata maji matupu yanao. Majani ya masika na ya kiangazi, mti uleule, yamenipa chembe za ukubwa tofauti.

Chupa nimeibandika karatasi: SI DAWA. Leo asubuhi nimekuta mtu kaongeza kwa kalamu: "hata ya jino?"